Walimuua Caesar, deni lake likabaki

SWALI: Nafundisha sekondari. Muhula huu wanafunzi wangu waliigiza tamthilia ya Shakespeare kuhusu kifo cha Julius Caesar, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Baada ya onyesho binti mmoja wa Kidato cha Tatu akaniuliza: kama Brutus na wenzake walimuua dikteta ili jamhuri irudi, mbona haikurudi? Nilimjibu kwamba Antonius aliwapiku kwa hotuba yake ya mazishini. Jibu hilo halikumridhisha, na kusema kweli hata mimi halikuniridhisha. Hivi hotuba moja inaweza kuangusha jamhuri iliyodumu zaidi ya miaka 450?

JIBU: Mwalimu, huyo binti mpe pongezi zangu. Swali lake lilimkosesha raha hata Cicero, seneta na msemaji maarufu, ambaye mambo yalitokea mbele ya macho yake. Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Mwezi mmoja baadaye Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus akilia kwamba dhalimu amekufa lakini udhalimu ungali hai. Mei akawa mkali zaidi, akasema jambo lile lilifanywa kwa ushujaa wa kiume na kwa mpango wa kitoto.

Hotuba tuiweke kando kwanza. Shakespeare alikuwa anaandikia jukwaa, na jukwaa linataka hotuba. Suetonius, mwandishi wa wasifu wa Caesar, anasema Antonius alimwachia mpiga mbiu asome azimio la Seneti, baraza la wakubwa wa Roma, lililompa Caesar heshima zote, pamoja na kiapo ambacho maseneta wote waliapa kumlinda, kisha yeye mwenyewe akaongeza maneno machache tu. Waandishi wengine wa kale wanampa maneno mengi zaidi. Ghasia zilikuwa za kweli, watu walivunja mabenchi pale uwanjani wakauchoma mwili hapo hapo. Lakini kufikia siku ya mazishi mambo makubwa yalikuwa yameshaamuliwa kikaoni tarehe 17 Machi, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Hebu piga picha ya jiji lenyewe. Caesar alikuwa aondoke tarehe 18 kwenda kupigana na Waparthi wa mashariki, na ndiyo maana wapanga njama waliharakisha. Roma ilikuwa imejaa askari wake wastaafu, waliokuja mjini kusubiri kupelekwa kwenye mashamba waliyoahidiwa. Mwanahistoria Appian anaeleza kwamba walikuwa wamepiga kambi kwenye mahekalu na nyua zake, kila kundi na bendera yake na mtu aliyeteuliwa kuliongoza. Vitu vyao walikuwa wameshaviuza kwa ajili ya safari. Hawana nyumba, hawana vyombo, hawana shamba. Mkononi wana ahadi tu, na aliyeahidi ameuawa kwa majeraha 23.

Aliyewahi kumsindikiza mzee wake kufuatilia mafao ya kustaafu, leo ofisi hii, kesho ofisi ile, hatahitaji maelezo marefu kuhusu hali ya roho za watu hao. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na mapanga.

Seneti ilikutana katika hekalu la mungu wa kike Tellus, karibu na nyumba ya Antonius, ambaye mwaka huo alikuwa konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa serikali. Brutus na Cassius, vinara wa njama, hawakuwepo; walikuwa wamejichimbia juu ya kilima cha Kapitoli wakilindwa na wapiganaji wa maonyesho, wale magladieta. Maseneta wengine wakataka Caesar atangazwe rasmi kuwa dhalimu na waliomuua wapewe heshima. Antonius hakubishana nao juu ya maadili. Aliwauliza swali la kiofisi. Tukisema alikuwa dhalimu, alisema, basi kila alichokiamua ni batili. Ninyi mliopewa vyeo naye mko tayari kuviacha?

Ukumbi ukabadilika. Caesar alikuwa ameshapanga vyeo vya miaka kadhaa mbele. Brutus na Cassius wenyewe walikuwa mapretori, majaji wakuu wa jiji, kwa uteuzi wake. Decimus Brutus, yule aliyemshawishi Caesar atoke nyumbani asubuhi ile, alikuwa amepangiwa ugavana wa Galia ya upande wa Italia na ukonsuli wa mwaka 42. Trebonius, aliyemshikilia Antonius mlangoni kwa mazungumzo wakati visu vinafanya kazi ndani, alikuwa anakwenda kutawala jimbo la Asia. Wauaji walikuwa wanakula mkate wa marehemu. Kikao kikamalizika kwa uamuzi wa ajabu: wauaji wasishitakiwe, na maamuzi yote ya Caesar yabaki kuwa sheria. Na mashamba ya askari wastaafu yakathibitishwa kwa maazimio ya peke yake, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa anasikia kelele za nje.

Brutus si kwamba hakuliona tatizo. Appian anamwonyesha akiwahutubia watu pale Kapitoli, akiwaahidi wastaafu kwamba mashamba yao hayataguswa, na akiwaahidi wenye mashamba walionyang'anywa kwamba watalipwa fidia kutoka hazina ya umma. Ni maneno mazuri. Lakini mstaafu mwenye akili timamu angejiuliza: huyu aliyemuua mdhamini wangu, yeye nani anamdhamini?

Kwa mtazamo wangu, jibu la binti limelala hapa. Jamhuri ya Roma haikuwa na kiinua mgongo. Ilikuwa na jeshi lililoteka dunia kutoka Hispania hadi Siria, lakini haikuwa na utaratibu wowote wa kudumu wa kumwambia askari: ukimaliza miaka kadhaa, utapata hiki na hiki, ofisi yako ni ile pale. Zamani haikuwa shida. Askari alikuwa mkulima mwenye shamba lake. Vita vikiisha anarudi kuvuna. Vita vilipohamia ng'ambo na kudumu miaka mingi, na makonsuli kama Gaius Marius mwaka 107 KK wakaanza kuandikisha watu wasio na mali yoyote, askari akarudi nyumbani pasipo nyumba. Mtu pekee aliyekuwa na sababu ya kumhangaikia ni jenerali wake. Jenerali alipeleka mswada bungeni, akapigania, akanunua kura, ikibidi akatisha watu. Akifanikiwa, askari wanapata ardhi. Akishindwa, wanapata pole.

Wanafunzi wako watasema aliyeanza ni Caesar alipovuka mto Rubicon na jeshi lake kuelekea Roma Januari mwaka 49 KK. Waambie amechelewa kwa miaka 39. Mwaka 88 KK konsuli Lucius Sulla alikuwa Nola, kusini mwa Italia, na legioni zake, yaani vikosi vyake vikubwa, akijiandaa kwenda kupigana na mfalme Mithridates huko mashariki, ambako kulikuwa na utajiri wa kuteka. Huko Roma ikapitishwa sheria ya kumpokonya vita hivyo na kumpa Marius. Sulla akawakusanya askari akawaeleza. Walichokisikia wao ni kwamba Marius atakwenda na askari wengine, na ngawira zitakwenda na hao wengine. Wakawapiga mawe hadi kufa maofisa waliotumwa na Marius kuwachukua, wakamwambia Sulla awaongoze Roma. Maofisa wake wa juu, watoto wa wakubwa, walimkimbia wote isipokuwa mmoja. Askari wa kawaida hawakutikisika. Kwa mara ya kwanza jeshi la Kirumi likaingia Roma kwa silaha, na wenyeji wakalipokea kwa vigae kutoka juu ya mapaa.

Halafu kuna habari ya jenerali Pompeius, ambayo kwangu ndiyo inayouma kuliko zote, kwa sababu yeye alitii. Alirudi kutoka mashariki mwishoni mwa mwaka 62 KK, akashuka bandari ya Brundisium akiwa na jeshi ambalo hakuna mtu Italia angeweza kulizuia. Watu walitetemeka wakimkumbuka Sulla. Akalivunja. Aliwaambia askari warudi makwao, akaenda Roma kama raia, akaomba mambo mawili: maamuzi yake ya mashariki yaidhinishwe, na askari wake wapewe ardhi. Seneti, seneta Cato akiwa mbele, ikampiga danadana kwa zaidi ya miaka miwili. Ardhi ilipatikana mwaka 59, na aliyeipata alikuwa konsuli mpya aliyekuwa tayari kupuuza taratibu na kuachia wahuni uwanjani. Jina lake Julius Caesar. Sasa jiweke mahali pa askari anayetazama haya yote, uone anajifunza nini kuhusu kuifuata sheria.

Vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea kwisha, Caesar aliwagawia askari wake wa zamani mwaka 46 KK dinari 5,000 kila mmoja, kwa hesabu ya Appian. Ni dinari ile ile unayoikuta kwenye Injili. Mshahara wa askari, baada ya Caesar mwenyewe kuuongeza maradufu, ulikuwa dinari 225 kwa mwaka, na hapo bado hajakatwa chakula na vifaa. Kwa hiyo kila mtu alipewa mshahara wa miaka 22 kwa mkupuo, na shamba likawa linakuja. Dawa ya deni ni kulipa, na Caesar alikuwa mlipaji. Alipouawa, wadai hawakufutika pamoja naye. Walianza kutafuta mrithi.

Na mrithi alikuwepo. Wosia ulipofunguliwa ulimtaja mjukuu wa dada yake, Gaius Octavius, kijana wa miaka 18 aliyekuwa masomoni Apollonia, ng'ambo ya bahari ya Adria. Huyu ndiye atakayekuja kuwa Kaisari Augusto wa sura ya pili ya Luka. Kaisari kwanza lilikuwa jina la ukoo tu, baadaye ndipo likawa cheo. Mama yake na baba yake wa kambo walimshauri aukatae urithi. Akaukubali. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alikwenda Campania, walikokuwa wamekaa wastaafu wa Caesar, akaanza kugawa dinari 500 kwa kila atakayejiunga naye. Hakuwa na cheo chochote. Kisheria alikuwa raia anayejiundia jeshi la kibinafsi, kosa la kunyongwa. Antonius, konsuli halali, alipokwenda Brundisium kuzipokea legioni zilizotoka Makedonia, aliwaahidi dinari 100. Wakamcheka. Akaua baadhi yao ili kuwafunza adabu, na haukupita muda legioni mbili zikahamia kwa kijana, ambaye wanahistoria humwita Octavianus tangu hapo.

Sipendi kuwafanya askari hawa waonekane mamluki watupu. Walimpenda Caesar, na walitaka damu yake ilipiwe. Mara kadhaa waliwalazimisha majenerali wao wapatane pale ambapo wenyewe hawakutaka. Lakini Seneti iliwaangusha kila ilipopata nafasi ya kuwapata. Aprili mwaka 43, baada ya Antonius kupigwa karibu na Mutina, kaskazini mwa Italia, na majeshi ya Seneti, Octavianus akiwa upande wao, na makonsuli wote wawili kufariki kutokana na vita hivyo, maseneta waliona hatari imepita. Wakapunguza zawadi waliyokuwa wamewaahidi askari, tena wakatuma wajumbe wazungumze na legioni moja kwa moja bila kumpitia Octavianus, ili wawatenganishe naye. Askari wakakataa kuwasikiliza pasipo jenerali wao. Kisha wakatuma ujumbe wao Roma kumwombea ukonsuli kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Seneti ikasita. Akida mmoja aitwaye Cornelius akalitupa nyuma joho lake, akaonyesha mpini wa upanga, akasema: msipomfanya ninyi, huu utamfanya. Wakaja na legioni nane. Agosti akawa konsuli.

Novemba Octavianus, Antonius na Lepidus, jenerali mwingine wa Caesar, wakaungana, na tatizo likawa hesabu: legioni nyingi, fedha hakuna. Wakabandika mbao uwanjani zenye majina ya watu wa kuuawa. Kichwa cha aliyeandikwa kililetwa kwa dinari 25,000 kama aliyekileta ni muungwana; kama ni mtumwa, dinari 10,000 pamoja na uhuru wake. Appian anataja maseneta kama 300 na matajiri wa daraja la pili kama 2,000. Cicero aliuawa tarehe 7 Desemba, kichwa na mkono vikatundikwa kwenye jukwaa alilozoea kuhutubia. Wengine waliuawa kwa siasa, wengine kwa sababu walikuwa na nyumba nzuri. Na miji 18 ya Italia, iliyotajwa kwa majina, ikaahidiwa kwa askari kabla hawajaondoka kwenda vitani.

Hapo utaniuliza: na Brutus? Si angalau upande wake ulipigania kitu kingine? Nina sarafu moja ninayoipenda kuwaonyesha wanafunzi wangu. Ni dinari ya fedha iliyopigwa na Brutus mwaka 43 au 42 KK. Upande mmoja kuna majambia mawili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini maandishi EID MAR, yaani siku ile ya katikati ya Machi. Geuza upande wa pili. Utakuta kichwa cha mtu, na mtu huyo ni Brutus mwenyewe. Moja ya makosa ya Caesar yaliyowakera watu ni kuweka sura yake, akiwa hai, kwenye sarafu za Roma. Haijapita miaka mitatu, mkombozi naye yumo. Na sarafu hiyo ilipigwa kwa ajili ya kulipa askari.

Fedha ilitoka wapi? Kutoka majimbo ya mashariki. Cassius alitoza Asia kodi ya miaka 10 kwa mpigo. Mji wa Tarso, ule ule atakaozaliwa Paulo baadaye, ulitozwa faini ya talanta 1,500. Appian anasimulia jinsi walivyouza vyombo vya mahekalu, visipotosha wakaanza kuuza watu utumwani, kwanza wavulana na wasichana, kisha wanawake na wazee. Kabla ya vita kila askari wa Brutus na Cassius alipewa dinari 1,500, na kabla ya pambano la mwisho Brutus aliwaahidi kwamba wakipigana vizuri atawaachia miji miwili waipore, Thesalonike na Sparta. Huyu ndiye yule mwadilifu. (Miaka michache nyuma Cicero, akiwa gavana wa Kilikia, aligundua kwamba mkopo wa mji wa Salamis huko Kipro, unaodaiwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka, kumbe mwenye fedha ni Brutus. Katika kuudai, wakala wake aliwazingira madiwani ndani ya ukumbi wao hadi watano wakafa kwa njaa. Wanafunzi wakikuuliza uhuru wa Brutus ulikuwa uhuru wa nani, waanzie hapo.)

Mapambano mawili ya Filipi, Oktoba mwaka 42, yalimaliza upande wao. Cassius alijiua baada ya la kwanza, Brutus baada ya la pili. Antonius akawaachia baadhi ya wastaafu ardhi hapo hapo, na ndiyo sababu Matendo ya Mitume inaueleza Filipi kama mji wa walowezi wa Kirumi. Wengine walirudi Italia na Octavianus kudai ile miji 18. Mwaka 41 wapimaji walipita mashambani na kamba zao, na familia ambazo hazikumkosea mtu zikafungasha. Venusia ulikuwa mmojawapo. Mshairi Horatius, kijana wa huko aliyepigana upande wa Brutus, alirudi akakuta shamba la baba yake halipo. Waliofukuzwa wakapata mtetezi, Lucius, ndugu wa Antonius, pamoja na Fulvia, mke wa Antonius, na vita vipya vikaisha kwa kuzingirwa mji wa Perusia. Wachimbaji wameokota huko risasi za kombeo, vipande vya madini ya risasi ukubwa wa kokwa ndogo ya jozi, zimechorwa matusi ambayo darasani sitayasoma. Warumi wakiwatukania Warumi mama zao kwa kuwarushia risasi.

Yaliyobaki wanafunzi wako wanayajua zaidi kwa sababu Cleopatra yumo: Antonius na Octavianus wakagombana, pambano la baharini la Actium likapiganwa Septemba mwaka 31 KK, na mwaka uliofuata Misri ikaanguka. Kilichonivutia mimi siku zote ni alichofanya mshindi, Octavianus, baada ya kelele kwisha. Hazina ya Misri ikiwa mikononi mwake, alianza kununua ardhi badala ya kunyang'anya. Katika taarifa aliyoiandika mwenyewe kuhusu kazi zake anajisifu kwamba alilipa dinari milioni 150 kwa mashamba ya Italia na milioni 65 kwa ya majimboni, na kwamba hakuna aliyefanya hivyo kabla yake. Anajisifu, lakini hakosei.

Mwaka 6 BK, mzee sasa, alifungua hazina ya jeshi. Aliianzisha kwa dinari milioni 42 na nusu kutoka mfukoni mwake, na kuanzia hapo ikajiendesha kwa kodi ya mauzo ya mnada pamoja na asilimia 5 ya mirathi, ndugu wa karibu na maskini wakisamehewa. Askari wa legioni akimaliza utumishi wake alichukua dinari 3,000, ofisi inajulikana, jenerali hana habari nazo. Kitu ambacho Seneti ya Cato na Cicero ingeweza kukifanya miaka 60 nyuma, kwa kodi ambayo wengi wasingeihisi mpaka wafe.

Na matajiri wa Roma bado waliichukia. Mwaka 13 BK, mwaka mmoja kabla hajafariki, Augustus aliwaambia maseneta: haya, leteni wazo lenu la kupata fedha hizo kwa njia nyingine. Kila mtu akaja na lake; waliloafikiana ni kwamba lolote lingekuwa bora kuliko hii ya mirathi. Akasema sawa, basi tutatoza mashamba na majumba, na bila kutaja kiwango akatuma watu waanze kuorodhesha mali za kila mmoja, shamba kwa shamba. Wazee wakaifikiria orodha hiyo, wakasema ile asilimia 5 haina tatizo.